PASI YA MVUKE INATAKA MAJI MAZURI

Huenda umeme umekwisha fika kijijini kwako. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi vya Tanzania. Baada ya taa na redio, watu wengi hununua pasi. Pasi ya mkaa huwekwa juu ya kabati ikapumzika.

Siku hizi pasi nyingi madukani ni za mvuke. Pasi hii ina tangi dogo la maji, na chuma chake cha chini kina matundu. Maji hudondoka kidogo kidogo penye joto kali, yakageuka mvuke. Mvuke hutoka katika matundu na kuingia kwenye nguo.

Jambo hili si geni kwako. Ulipotumia pasi ya mkaa ulinyunyiza maji kwa vidole juu ya shuka kabla ya kupitisha pasi. Nyuzi za pamba zikipata unyevu na joto hulegea, na mikunjo hunyooka. Pasi ya mvuke inakunyunyizia yenyewe.

Utie maji gani?

Mimi niliharibu pasi yangu ya kwanza kwa maji ya kisima. Maji hayo tulikuwa tunayanywa, kwa hiyo sikuyaogopa. Baada ya miezi michache matundu yalianza kuziba. Asubuhi moja nilikuwa napiga pasi shati jeupe la mtoto aliyekuwa anakwenda kufanya mtihani. Pasi ikatema maji ya kahawia na vipande vyeupe kama chokaa. Shati likachafuka mgongoni. Mtoto alikwenda na shati la jana, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Tazama ndani ya birika lako la chai. Je, kuna ukoko mweupe? Basi maji yako ni magumu. Visima vingi vya Dodoma na Singida vina maji ya namna hii. Maji yakigeuka mvuke, chokaa haiondoki nayo. Inabaki ndani ya pasi, siku hadi siku, mpaka njia zinaziba.

Maji ya mvua ni bora, maana hayana chokaa. Mvua ya kwanza iache ioshe bati. Kinga ile inayofuata. Yachuje kwa kitambaa safi, uyaweke kwenye chupa yenye kifuniko. Pasi haitumii maji mengi. Ndoo moja itakutosha muda mrefu. Kama hakuna mvua, chemsha maji ya kisima, yaache yatulie usiku kucha, kisha mimina taratibu yale ya juu. Sehemu ya chokaa itabaki chini ya sufuria. Lakini chumvi haipungui kwa kuchemsha, kwa hiyo maji ya chumvi usiyatumie kabisa.

Watu wengine watakuambia utie maji ya betri. Jihadhari! Kuna maji yaliyosafishwa na kuna tindikali, na watu huziita zote maji ya betri. Tindikali huunguza macho na ngozi. Usitie pia manukato wala maji ya wanga.

Wakati wa kupiga pasi

Chomoa plagi kwanza, ndipo utie maji. Kisha tazama nukta kwenye kirungu cha joto. Nukta moja ni ya nailoni, mbili ni za sufu na hariri, tatu ni za pamba. Mvuke unataka nukta mbili au tatu. Ukifungua mvuke kabla pasi haijapata moto, itadondosha maji. Anza na nguo za joto kidogo, umalizie na za pamba.

Nguo zilizoanikwa kivulini au chini zipige pasi ya moto pande zote mbili, pamoja na mishono. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi. Mayai yakianguliwa, mabuu huingia katika ngozi na kufanya jipu. Nepi za mtoto zisisahauliwe.

Pasi ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa mfululizo hula uniti moja ya umeme. Kwa kuwa inajizima na kujiwasha, hula pungufu kidogo. Hata hivyo, ni vizuri kukusanya nguo za wiki na kuzipiga mara moja. Usiichomeke kwenye waya mwembamba wa redio. Utapata moto na kuyeyuka. Sola ndogo ya taa haiwezi kuiendesha.

Ukimaliza

Funga mvuke, chomoa plagi, mwaga maji yaliyobaki pasi ingali na joto. Isimamishe mpaka ipoe. Chuma ukifute kwa kitambaa chenye unyevu. Usikisugue kwa msasa wala kisu.

Mara moja kwa mwezi ioshe ndani. Jaza maji, washa joto la mwisho, ngoja ipate moto, kisha chomoa. Ishike juu ya karai, fungua mvuke wote, uitikise mbele na nyuma. Maji ya moto yatatoka na uchafu, basi mikono na uso viwe mbali. Siki husafisha, lakini watengenezaji wengine wanaikataza. Soma kwanza karatasi iliyokuja na pasi.

Waya usining'inie mezani, maana mtoto atauvuta. Mtoto akiungua, mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Malengelenge usiyatumbue. Akiwa ameungua uso au kiganja, au jeraha likiwa kubwa, mfunike kwa kitambaa safi na mpeleke zahanati siku ile ile.