Jinsia ya mpenzi katika tungo fupi za Cavafy

Constantine Cavafy (1863–1933), Mgiriki wa Alexandria nchini Misri, alikuwa karani wa idara ya umwagiliaji kwa miaka 30. Hakuuza kitabu hata kimoja: alichapisha tungo zake katika karatasi na kuwagawia watu aliowachagua. Mkusanyo wa mashairi 154 ulitoka mwaka 1935, naye amekwisha kufa. Mengine aliyoyaficha yalichapishwa 1968.

Katika tungo zake za mapenzi anakumbukwa mpenzi aliyepotea, naye ni mwanamume. Hapo mwanzo mshairi alijificha ndani ya sarufi, kwani kitenzi cha Kigiriki hubeba nafsi bila kuonyesha jinsia. Ni kivumishi kinachofichua siri. Baadaye aliacha kujificha.

Kwa mfasiri wa Kiswahili pana mtego hapa. Kiambishi a- hakitenganishi mume na mke. Kwa tungo za awali hiyo ni bahati ambayo Mfaransa, pamoja na viwakilishi vyake viwili, angeitamani. Kwa zile za baadaye ni hasara: tukiandika «mpenzi» tu, tunamfungia tena aliyekwisha kutoka. Hata jina halisaidii. Katika shairi la 1918 juu ya kaburi la Lanis, ambaye mchoraji alitaka kumpa sura ya Hyacinthus, msomaji wa Lubumbashi atajuaje kuwa marehemu ni kijana wa kiume, na kwamba Markos anayemlilia alikuwa mpenzi wake? Kwa maoni yetu, neno «mwanamume» liwekwe mara moja, mapema, palepale kivumishi cha Kigiriki kinapoliruhusu. Kisha a- iendelee na kazi yake.