Umefuta Linux, sasa kompyuta inaandika "grub rescue"? Usikubali kufomatiwa haraka!

Leo siasa tunaziweka pembeni. Kuna kimeo kimoja cha kompyuta nataka tukimalize hapa hapa, maana kinawalia watu hela, na mbaya zaidi kinawalia kazi zao.

Juzi juzi niko kafe moja hapa Kahama mjini, akaingia dada mmoja mwanachuo, kwao Mwendakulima, kule jirani na ulipokuwa mgodi wa Buzwagi. Kabeba laptopu kama amebeba mgonjwa. Mashine ilikuwa na mifumo miwili, Windows 10 na Ubuntu. Ubuntu aliwekewa na kaka yake baada ya Microsoft kuacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Yeye hakuizoea, akaona isiwe tabu: akaingia Windows, akaifuta patisheni ya Ubuntu, akazima, akalala. Asubuhi anawasha, kioo cheusi na maneno haya:

error: no such partition.
Entering rescue mode...
grub rescue>

Alishapita kwa fundi. Fundi kamwambia diski imekufa, dawa ni kufomati, elfu ishirini. Ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, kurasa arobaini na kitu, imo humo humo na kopi hamna. "Kaka, nimeambiwa vitu vyote vimeshaondoka," ananiambia, machozi yako karibu.

Hakuna kilichoondoka. Tuelewane kwanza hapo, mengine yote yanafuata.

Kompyuta ukiiwasha, yenyewe haijui Windows wala Linux ni nini. Inatafuta kiprogramu kidogo cha kuwasha mfumo, inakikabidhi kazi. Windows ina cha kwake. Ukiweka Ubuntu, Mint, Debian na wenzake pembeni ya Windows, wanakuja na cha kwao kinaitwa GRUB (jamaa aliyekianzisha mwaka 1995 anaitwa Erich Boleyn), na hicho ndicho kinachokaa mbele na kukupa ile menyu ya kuchagua uingie wapi.

Sasa kwenye mashine za zamani, kiprogramu hicho kinakaa mwanzoni kabisa mwa diski, kwenye kipande cha baiti 512. Humo 446 tu ndizo za programu, 64 ni orodha ya patisheni zako, 2 za mwisho ni alama. GRUB haitoshi kwenye baiti 446. Kwa hiyo inajigawa: kipande hapo mwanzo, kipande kingine kinafuata nyuma yake, na mwili wote uliobaki unakaa ndani ya patisheni ya Linux, kwenye folda ya /boot/grub. Umeona tatizo? Ukifuta patisheni ya Linux umefuta mwili, kichwa kimebaki getini.

Ni kama mlinzi wa geti la mgodini ambaye kila gari likija lazima apige simu ofisini. Ofisi imebomolewa, yeye hana habari. Yupo tu getini, anapiga simu haipokelewi, hamruhusu mtu kupita. Nyumba za ndani ziko vile vile, na vitu vyake. Ile "grub rescue>" ndiyo mlinzi huyo anasema simu haipokelewi. Halafu fundi anakuja anashauri tubomoe nyumba zote!

Simsemi kila fundi. Wengine wanajua fika. Ila kufomati ni rahisi kwa fundi, hakuhitaji kufikiri, na ripoti sio yake.

KABLA HUJAGUSA KITU

Kama bado hujafuta Linux, hapo ndipo una bahati. Utaratibu ni huu: kwanza irudishe Windows mbele, hakikisha inawaka yenyewe, ndiyo ufute Linux. Watu wengi wanafanya kinyume, kama huyu dada.

Halafu ingia Linux utoe vitu vyako. Windows kwa kawaida haisomi patisheni za Linux, kwa hiyo picha na nyimbo ulizohifadhi kule hutaziona ukiwa Windows. Kopi kwenye flashi.

Jambo la tatu watu hawalijui kabisa: baadhi ya mashine mpya, hasa za Windows 11, diski yake imefungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ukianza kuchezea mambo ya kuwasha, inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Huna ufunguo, huna mafaili, na hapo hata mimi sikusaidii. Ingia Windows, fungua Command Prompt kwa haki za administrator, andika:

manage-bde -status

Ikikuonyesha kuwa C: imefungwa, andika manage-bde -protectors -get C: na zile tarakimu uziandike kwenye daftari. Daftari la karatasi, sio kwenye hiyo hiyo kompyuta, ndugu yangu.

Mwisho, jua mashine yako ni ya kundi gani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, tafuta mstari wa BIOS Mode. Ikiandika Legacy, ni mtindo wa zamani niliousimulia hapo juu. Ikiandika UEFI, ni mtindo mpya na dawa yake ni tofauti. Hapa ndipo watu wanapochemsha: wanachukua dawa ya Legacy wanaipeleka kwenye UEFI, haifanyi kazi, wanakata tamaa wanafomati.

MASHINE ZA LEGACY

Unahitaji flashi ya kuwashia. Wengi wanadhani lazima udownload Windows nzima, GB kadhaa, na kwa kasi ya kafe zetu utakaa hadi wafunge. Sio lazima. Tafuta rafiki mwenye Windows 10, kwenye kisanduku cha kutafutia aandike Recovery Drive, kisha aondoe tiki kwenye Back up system files. Flashi ndogo inatosha na hutumii bando hata kidogo. Angalizo: flashi hiyo itafutwa yote, kwa hiyo usiingize ile yenye picha za harusi. Na kama Windows yako ni ya 64-bit, tumia mashine ya 64-bit kuitengeneza.

Chomeka, washa, gonga kitufe cha menyu ya kuwashia (Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP nyingi ni F9), chagua flashi. Chagua keibodi, ingia Troubleshoot, Advanced options, halafu Command Prompt. Andika:

bootrec /fixmbr

Ikijibu kuwa imefanikiwa, kazi imekwisha. Amri hiyo inaandika upya ile sehemu ya programu tu; orodha ya patisheni haiigusi, mafaili haiyagusi. Mlinzi umembadilisha, nyumba hujaingia.

Toa flashi, washa. Ikikataa tena safari hii kwa maneno mengine, mara nyingi ni kwa sababu patisheni ya Windows haijawekewa alama ya kuwa ndiyo ya kuwashia. GRUB haijali alama hiyo, Windows inaijali sana. Rudi kwenye Command Prompt, andika diskpart, kisha:

list disk
select disk 0
list partition
select partition 1
active

Hiyo namba 1 usiikariri. Kwenye mashine nyingi ile patisheni ndogo ya mwanzo iitwayo System Reserved ndiyo yenyewe, ila angalia ukubwa kwanza. Na ndani ya diskpart usije ukaandika neno clean hata kwa kujaribu. Hilo ndilo linafuta orodha yote ya patisheni.

Wenye mashine za makumbusho zenye XP: CD ya XP, bonyeza R uingie Recovery Console, andika fixmbr. Windows 98 ilikuwa fdisk /mbr. Wakongwe wanakumbuka enzi za CD za Ubuntu zilizotumwa bure kwa posta hadi 2011. Ulikuwa unaweka kwa shauku, halafu unashindwa kutoa. Na kama unadhani Linux ni ugeni Bongo, mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili. Kwa hiyo siwaambii mtoe Linux kwa kuwa ni mbaya. Mimi mwenyewe naitumia. Nasema ukitaka kutoka, toka kwa mlango.

MASHINE ZA UEFI

Huku mambo ni laini zaidi. GRUB haikai tena kwenye baiti 446, inakaa kama folda ya kawaida kwenye kipatisheni kidogo cha FAT32, na Windows ina folda yake humo humo jirani. Kompyuta yenyewe inatunza orodha ya nani aanze. Ndiyo maana bootrec /fixmbr huku haikusaidii, na bootrec /fixboot ikikuandikia "Access is denied" usilie.

Ukikwama kwenye maandishi ya GRUB, zima, washa, gonga F12 au F9, chagua Windows Boot Manager. Mara nyingi Windows inaingia hapo hapo bila flashi yoyote. Halafu ingia kwenye mipangilio ya BIOS, Windows Boot Manager uipandishe iwe ya kwanza. Unaweza ukaishia hapo na maisha yakaendelea.

Ukitaka kusafisha kabisa, fungua Command Prompt ya administrator ukiwa ndani ya Windows:

mountvol S: /S
S:
cd EFI
dir

Utaona folda kadhaa. Ya Ubuntu inaitwa ubuntu, na ya Linux Mint nayo inaitwa ubuntu, usishangae. Fedora ni fedora, Debian ni debian. Futa hiyo moja tu:

rmdir /s ubuntu

Folda za Microsoft na Boot USIGUSE. Za HP, Dell au Lenovo pia ziache. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ukifuta ya Microsoft, Windows haitawaka tena bila ukarabati, na utakuja kunilaumu.

Ukimaliza andika C: urudi, halafu mountvol S: /D kukiondoa kile kipatisheni kisionekane. Jina "ubuntu" linaweza kubaki kwenye orodha ya kuwashia. Andika bcdedit /enum firmware, litafute, kopi namba yake ndefu iliyo kwenye mabano ya mawimbi, kisha bcdedit /delete ikifuatiwa na namba hiyo pamoja na mabano yake.

Kuna kisa kingine kinachofanana lakini sio hiki. Agosti 2024 Microsoft walitoa apdeti ya usalama, mashine kadhaa zenye mifumo miwili zikaanza kuandika "Verifying shim SBAT data failed". Hapo hakuna aliyefuta kitu, ni apdeti iliyokataa GRUB za zamani, na ilirekebishwa Mei 2025. Ukiona maneno hayo, usifuate maelekezo ya leo ukadhani ni ugonjwa ule ule.

KUFUTA LINUX SASA

Windows imeshawaka yenyewe mara mbili tatu? Sawa. Windows na R, andika diskmgmt.msc. Patisheni za Linux utazitambua kwa kuwa hazina herufi kama C: au D:, na ukubwa wake ni ule uliowapa wakati wa kuweka. Lakini kuna nyingine nazo hazina herufi: EFI System Partition na Recovery. Hizo sio za Linux, ziache zilivyo. Kama hukumbuki uliipa Linux GB ngapi, usifute kwa kubahatisha, nenda kamuulize aliyekuwekea.

Ukishafuta, nafasi inabaki tupu. Ukitaka kuiongeza kwenye C: bonyeza kulia, Extend Volume. Ikiwa imefifia na haibonyezeki, ni kwa sababu nafasi tupu haijagusana na C: upande wa kulia. Suluhisho la haraka ni kuitengeneza iwe D: na uitumie hivyo. Zipo programu za kusogeza patisheni, ila umeme ukikatika katikati ya kusogeza kwenye mashine isiyo na betri, hapo ndipo mafaili yanapotea kweli. Kwa umeme wetu, mi D: naiona inatosha.

Turudi kwa dada yetu. Laptopu yake ilikuwa Legacy. Tuliomba mashine ya kafe tukatengeneza flashi, hiyo ndiyo iliyokula muda. bootrec ilichukua sekunde. Windows ikapanda, akafungua folda, ripoti hiyo hapo. Kitu cha kwanza aliniomba ni kuituma kwenye barua pepe yake, kabla hata hajakaa. Akalipia muda wa kafe, na soda ya mwandishi juu.

Kama umekwama na mashine yako inaandika kitu tofauti na nilivyoeleza, weka hapo chini maneno KAMILI yaliyo kwenye kioo na useme ni Legacy au UEFI. Ukiandika tu "kompyuta haiwaki nisaidie", nitakuwa nabahatisha kama yule fundi.