Kibarua cha Ng'ambo Hakilipi Karo

Makongeni ni mtaa wa watu wanaojua kuhesabu. Wafanyakazi wa viwanda vya Thika, walimu, akina mama wa sokoni na madereva wa matatu hupanga kodi, chakula na karo shilingi kwa shilingi. Lakini barua ya chuo cha ng'ambo ikifika, hesabu husahaulika. Harambee huitishwa, chama hukopwa, ploti huuzwa. Atakayeuliza kuhusu karo ya mwaka wa pili huambiwa: "Akifika atapata kibarua, atajilipia."

Jibu hilo lipimwe kabla ya tiketi kukatwa.

Tuanze na Uingereza. Mwanafunzi wa shahada mwenye viza ya masomo huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Aprili 2025, kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kuwa pauni 12.21 kwa saa kwa aliyetimiza miaka 21, na pauni 10 kwa mwenye miaka 18 hadi 20. Kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi, akipata saa zake zote kwa wiki nne mfululizo, kwa kiwango hicho angefikisha pauni 800. Ilhali tangu Januari mwaka huo, mwombaji viza wa kusomea nje ya London alitakiwa kuonyesha pauni 1,136 za kujikimu kwa kila mwezi, hadi miezi tisa, mbali na karo. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, kibarua hicho hakitoshi malazi na chakula, sembuse ada ya chuo.

Kwingine masharti ni tofauti, na hubadilika mtu akiwa katikati ya masomo. Kanada iliondoa kikomo cha saa 20 nje ya chuo mnamo Novemba 2022, ikakirejesha mwishoni mwa Aprili 2024, kisha ikaruhusu saa 24 kuanzia Novemba mwaka huo. Aliyepanga maisha yake kwa mshahara wa saa 40 alijikuta amebaki na karibu nusu. Ujerumani huruhusu siku 140 nzima kwa mwaka. Marekani humtaka mwanafunzi wa viza ya F-1 afanye kazi ndani ya chuo mwaka wa kwanza, saa zisizozidi 20 muhula ukiendelea.

Kazi zipo, na si za kudharauliwa: kutunza wazee, kupanga bidhaa kwenye maghala, kuuza dukani, kuosha vyombo hotelini, kuhudumu maktabani. Lakini huchukua muda kupatikana, na anayefika bila akiba huingia mikononi mwa mwajiri anayelipa chini ya meza. Huyo akimnyima mshahara, mwanafunzi huogopa kushtaki, kwa sababu saa alizozidisha zinaweza kumfutia viza. Uingereza pia hairuhusu mwanafunzi kujiajiri. Dada anayetegemea kusuka nywele kwa malipo kama alivyozoea Makongeni atakuwa anavunja sheria.

Maandalizi yafanyike hapa nyumbani. Nyumba za kutunzia wazee huchunguza kama mwombaji ana rekodi ya uhalifu, kwa hivyo cheti cha tabia njema cha Idara ya Upelelezi wa Jinai kitafutwe mapema. Barua ya mwajiri aliyekufahamu Thika, hata wa duka dogo, ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mafunzo ya huduma ya kwanza pia husaidia. Ukifika, anzia ofisi ya ajira ya chuo, kisha Wakenya waliotangulia. Na asikulaghai wakala anayetaka umlipe ili akutafutie kazi: sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inakataza ada hiyo.

Tumeona yanayotokea karo inapokosekana. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai fedha walizolipia mpango wa kaunti wa masomo ya Finland na Kanada. Watoto wao waliokuwa tayari Finland walikabiliwa na tishio la kufukuzwa vyuoni kwa sababu karo haikuwa imefika. Hakuna kibarua cha wikendi ambacho kingeziba pengo hilo.

Wala tusidhani masharti haya ya kazi ni ya nchi za Wazungu pekee. Hapa Thika, Chuo Kikuu cha Mount Kenya hupokea vijana kutoka nchi jirani, na taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika iliyoko Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja, hukusanya wasomi wa bara zima. Pasi ya mwanafunzi ya Kenya ni ya kusoma, haimpi mgeni ruhusa ya kuajiriwa. Kila nchi hulinda ajira zake.

Mzazi wa Makongeni, usiuze ploti kwa ahadi ya mshahara ambao mwanao hajaanza kuupata. Kabla ya kuitisha harambee, andika karo ya miaka yote, gharama za kuishi, na saa ambazo viza inaruhusu. Kibarua kihesabiwe kuwa cha nauli na mboga. Ikiwa karo bado haina chanzo, ahirisha safari mwaka mmoja, au mwombee nafasi katika vyuo vya hapa. Kuchelewa mwaka mmoja si aibu.