Stelingi si Neno la Mwingereza

Leo nazungumza na wale wanaojifunza Kiingereza kwa kutazama sinema. Njia hiyo ni nzuri, ila ina mitego yake.

Chukueni neno stelingi. Kwetu huyo ndiye mhusika mkuu, yule asiyekufa mpaka picha iishe. Neno limetoka kwenye mabango ya sinema, ambako "starring" hutangulia majina ya waigizaji wakuu. Lakini Mwingereza halitumii kumwitia mtu. Shujaa kwake ni "hero", na yule tunayemwita adui ni "villain". Mwanafunzi akiandika "the starring" katika mtihani, atakatwa alama.

Trela nayo ina kisa. Maana yake ni kinachofuata nyuma, kwa sababu hapo mwanzo ilionyeshwa baada ya picha kubwa kwisha. Siku hizi hutangulia, lakini jina limebaki.

Ushauri wangu ni huu: msikariri maneno yakiwa pekee, yafungeni kwenye maudhui. Katika Enter the Dragon ya mwaka 1973, Bruce Lee anakwenda kisiwani kwenye mashindano huku moyoni ana kifo cha dada yake. Hicho ni kisasi, kwa Kiingereza "revenge". Ukilishika neno hilo, umeshika uzi wa picha nyingi za ngumi.

Wala msilionee haya neno stelingi. Kiswahili kimelikopa, kimelilea, sasa ni letu. Kosa ni kumrudishia Mwingereza ukidhani atalitambua.

Hadi juma lijalo, kwaherini.