Je, Wajua? Kipepeo wa Riruta na Nduguye wa Majuu

Mwenye ndugu majuu anaijua hali hii. Ikifika Juni simu inajaa picha: kipepeo juu ya ua mjini Munich, ndege juu ya waya huko Uhispania, na chini yake swali, "Huyu anaitwaje?" Kabla hujajibu kwamba wewe hujui wadudu wa wazungu, toka nje kidogo uutazame ua wa kayaba. Huenda jibu limetua hapo hapo Riruta Satellite, Nairobi.

JE, WAJUA kwamba kipepeo aitwaye Vanessa cardui yuko Nairobi na yuko Norway, na ni spishi ileile? Ana rangi ya chungwa, ncha za mabawa ya mbele ni nyeusi zenye madoa meupe, na akifunga mabawa utaona vijicho vidogo vimepangana upande wa chini. Huku mtafute palipo na kishona nguo kinachochanua. Kule watu humchanganya na Aglais urticae, ambaye ukingo wa mabawa yake una vidoa vya buluu. Ukiona buluu ukingoni, si yeye.

NA SAFARI YAKE, waijua? Kila mwaka vipepeo hawa huvuka kutoka Afrika kwenda Ulaya, wakafika hadi karibu na Aktiki, kisha baridi ikikaribia huelekea kusini tena. Mzunguko mzima ni kama kilomita 15,000 na huchukua hadi vizazi sita. Hakuna hata mmoja anayeumaliza. Bibi huanza, vitukuu na vilembwe ndio wanaofika. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba wale wa Ulaya hufa tu baridi ikiingia, kwa sababu hakuna aliyewaona wakirudi. Utafiti wa mwaka 2012, uliotumia rada pamoja na macho ya maelfu ya watu wa kujitolea, ulionyesha kwamba hurudi wakiwa juu sana, wastani wa zaidi ya mita 500 kutoka ardhini. Nani angewaona?

Oktoba 2013 wachache wao walikutwa ufukweni French Guiana, Amerika Kusini, mabawa yamechakaa. Walikuwa na chavua ya mimea ya Afrika Magharibi. Walikuwa wamevuka Atlantiki, kilomita 4,200 kwa uchache, bila viza.

WAJUA kwamba kitabu cha Torben Larsen kuhusu vipepeo wa Kenya, kilichotoka mwaka 1991, kina takriban spishi 870? Ulaya nzima ina kama 480. Uingereza ina 59. Mtu wa Kawangware akiwa London ana kazi nyepesi kuliko Mwingereza aliyeshuka JKIA na kitabu chake mkononi.

JE, WAJUA namna ya kumtenga kipepeo na nondo? Tazama vipapasio. Vya kipepeo vina kirungu nchani. Vya nondo ni uzi mtupu au vina manyoya. Rangi haisaidii, maana kuna nondo wa mchana waliojipamba kuliko vipepeo. Mmoja wao, Zygaena wa Ulaya, mweusi mwenye madoa mekundu, ana vipapasio vilivyonenepa kuelekea nchani, na amewaaibisha wengi waliojiona wajuzi.

JE, WAJUA kwamba kile unachodhani ni kinyesi cha ndege kwenye jani la mlimau kinaweza kuwa kipepeo wa kesho? Ploti nyingi za Riruta bado zina mlimau mmoja karibu na tangi la maji. Yakague majani machanga. Kiwavi mdogo wa Papilio demodocus ni wa kahawia iliyokolea, ana baka jeupe mgongoni, na hung'aa kana kwamba bado yu mbichi. Ndege humpita, maana nani atakula kinyesi? Akikua huvua sura hiyo, akawa kijani mwenye mabaka ya kahawia ubavuni. Sasa mguse taratibu kwa kijiti. Nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini zilizoungana shinani, zinang'aa kwa unyevu, kisha hurudi ndani mara moja na kuacha harufu kali ya kuchefua. Chungu akinusa hapo hugeuza njia. Mlimau mkubwa hauumizwi na viwavi watatu, kwa hiyo ile dawa ya kupuliza iache dukani.

Binamu yake wa Ulaya ni Papilio machaon, wa manjano na mweusi, mwenye mikia miwili na doa jekundu kando ya kila mkia. Huyu wetu hana mikia. Kiwavi wa machaon hula majani ya karoti, shamari na bizari, na ukimsumbua hutoa pembe zilezile. Uingereza hukutani naye kila mahali; makao yake ni vinamasi vya Norfolk.

WAJUA kwamba Nairobi ina sifa kubwa kwa wataalamu wa vipepeo kwa sababu ya familia zisizozaa wana wa kiume? Anayehusika ni Danaus chrysippus, mwenye rangi ya chungwa ya kutu na kichwa cheusi chenye vidoa vyeupe, anayeruka polepole kama hana adui. Kweli hana wengi. Kiwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe, na sumu ya mimea hiyo hubaki mwilini. Ndege akimwonja leo, kesho hamgusi. Huku kwetu majike wengi wamebeba bakteria aitwaye Spiroplasma, ambaye hupita kutoka kwa mama hadi kwenye mayai na kuwaua madume wakiwa bado wachanga kabisa. Nairobi iko pale ambapo jamii mbalimbali za kipepeo huyu kutoka pande tofauti za Afrika hukutana na kuzaliana, na ndiyo maana watafiti hawaishi kurudi. Utafiti mmoja mkubwa wa jambo hili ulichapishwa mwaka 2020. Ndugu akimwona Ugiriki, Italia au kusini mwa Uhispania, asiseme ameona kitu kipya.

Ila asikimbilie kumtaja. Yupo tapeli. Jike la Hypolimnas misippus huvaa rangi zilezile ingawa halina sumu. Hesabu madoa meusi ya bawa la nyuma: chrysippus ana matatu au manne kuelekea katikati, tapeli ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Dume la tapeli halifanani na mkewe hata chembe. Ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yanayozungukwa na zambarau.

WAJUA aliyetoboa ganda la maharagwe yako? Huenda ni kiwavi wa Lampides boeticus, kipepeo mdogo wa buluu mwenye mkia mwembamba na vidoa viwili vyeusi pembeni mwake. Mwaka 2013 alifika kusini mwa Uingereza kwa wingi usio wa kawaida, na wapenzi wa vipepeo wakafunga safari kwenda kumwona. Mama mboga angewacheka.

JE, WAJUA kwamba kuna nondo anayeiba asali na kupiga kelele akishikwa? Ni Acherontia atropos, mwenye alama ya fuvu la mtu mgongoni. Kiwavi wake, mnene, mwenye mistari ya mshazari ubavuni, hufikia sentimita 12 na hula majani ya viazi. Nondo mwenyewe huingia mzingani usiku na kufyonza asali. Huhama kutoka Afrika kwenda Ulaya, na kule waliwahi kumwogopa kama sisi tunavyomwogopa bundi. Mwaka 2022 watafiti walieleza jinsi walivyowabandika nondo hawa vidude vidogo vya redio mjini Konstanz, Ujerumani, wakawafuata kwa ndege ndogo kuelekea milima ya Alps. Aliyekwenda mbali zaidi alifuatwa karibu kilomita 90 usiku mmoja, akishika njia iliyonyooka hata upepo ulipompinga.

WAJUA kwamba Ulaya haina chozi? Ndugu akituma video ya "chozi mdogo" anayeelea mbele ya ua huko Ufaransa, mwambie akaze macho. Huyo ana vipapasio. Ni nondo wa mchana, Macroglossum stellatarum.

JE, WAJUA mbayuwayu gani ni mgeni? Mwenye koo la rangi ya kutu, ukanda wa buluu-nyeusi kifuani na nyuzi mbili mkiani ni Hirundo rustica. Hujipanga kwenye nyaya zetu kuanzia karibu Septemba hadi Aprili, kisha hurudi kulea vifaranga kwenye mazizi ya Ulaya na Asia. Uzito wake ni gramu 20 hivi. Mwenye michirizi myeusi kifuani ni mwenyeji, haendi Ulaya. Mwaka 1911, mwezi wa Mei, Hirundo rustica mmoja alivishwa pete huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 alikamatwa Natal, Afrika Kusini, pete ikiwa mguuni.

Kabla ya pete palikuwa na mkuki. Mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni, urefu wa kama sentimita 80. Ameruka nao hadi kwao! Wakati huo bado walikuwapo wasomi waliosadiki kwamba ndege wa kiangazi hulala chini ya maji baridi ikiingia. Korongo huyo amekaushwa na yuko Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki mahali pake. Usimchanganye na marabu, yule mwenye upara anayekaa juu ya miti ya Barabara ya Mombasa. Ulaya hakai.

MWEWE anayewanyang'anya watoto mandazi Kawangware ana mdomo wa njano. Wa Ulaya aina hiyo ana mdomo mweusi. Uingereza ukiona mkia mwekundu uliogawanyika kama mkasi, huyo ni Milvus milvus, aliyerejeshwa England na Scotland kwa mpango ulioanza mwaka 1989.

WAJUA kwamba mdudu mwekundu na mweusi anayechoma ngozi, anayeitwa nzi wa Nairobi, si nzi wala haumi? Ni mbawakawa, Paederus, na jamaa zake wako Ulaya pia. Sumu iko ndani ya mwili wake na hutengenezwa na bakteria anaoishi nao. Ukimponda, umejipaka mwenyewe. Mpulize aondoke; ukishamponda, nawa kwa sabuni na maji.

JE, WAJUA kwamba picha ni salama kuliko chupa? Kipepeo Parnassius apollo wa milima ya Ulaya, mweupe mwenye madoa mekundu, analindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea. Na sheria zetu nazo hazilali. Mei 2025 mahakama ya JKIA iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji shilingi milioni moja kila mmoja, au mwaka mmoja jela, kwa kukutwa Naivasha na takriban sisimizi 5,000, wengi wao malkia, ndani ya mirija ya maabara. Ulaya wapo wanaofuga sisimizi na kununua malkia kwa bei ya juu.

MWISHO, kwa mwenye kutumia iNaturalist, programu iliyoanza mwaka 2008: hupendekeza jina la kiumbe kwa kutazama picha na pia mahali ilipopigwa. Picha ikipita WhatsApp, taarifa za mahali hufutika. Kwa hiyo ukiipakia ukiwa Riruta, andika Munich kwa mkono wako, na tarehe, na mmea ambao kiumbe alikuwa ametua juu yake. Usipofanya hivyo inaweza kukupa kipepeo wa Kenya, na shangazi yako wa Ujerumani atabisha hadi Krismasi.