TENISI: MTU MMOJA PEKE YAKE KATI YA KIWANJA
(Mawazo ya Arthur Ashe juu ya mchezo na maisha)



Kwetu hapa mtu akisema "mchezo", wote wanasikia mupira wa miguu. Kila darasa liko na ekipe yake, na hata mtoto mdogo anajua penalti ni nini. Lakini tenisi wengi wetu tunaijua kwa picha tu, ao tunaisikia ku redio wakati wa habari za michezo. Wengine wanasema: "Ile ni mchezo ya watajiri, kupiga kampira na kukimbia huku na huku, basi."

Leo tunataka kueleza mambo mawili. La kwanza, mchezo huu unaenda namna gani. La pili, mtu anayeucheza kama kazi yake anawaza nini, wakati yuko mu kiwanja na wakati ametoka. Tumechagua Arthur Ashe wa Marekani (1943–1993), kwa kuwa yeye hakuficha mawazo yake. Toka mwaka 1973 mpaka 1974 alishika daftari ya siku kwa siku, nayo ilitoka kama kitabu mwaka 1975. Kitabu chake cha mwisho kilitoka mwaka 1993, kiisha kufa kwake.

1. HESABU YA TENISI

Wachezaji ni wawili, wavu kati yao. Mmoja anaanzisha mupira. Mwenzake sharti aurudishe mbele haujagusa chini mara ya pili, nao uanguke ndani ya mistari. Anayekosa anampa mwenzake alama. Alama hazihesabiwi moja, mbili, tatu, lakini 15, 30, 40. Ukipata ingine juu ya 40, umeshinda mchezo mdogo mmoja. Kama wote wawili wako na 40, sharti mmoja apite mwenzake kwa alama mbili. Michezo midogo sita inafanya seti, lakini mwaka 1968 hapa tena ilikuwa sharti umpite mwenzako kwa miwili. Mu mashindano makubwa mwanaume anashinda akipata seti tatu.

Sasa angalieni vizuri: katika hesabu hii hamna saa. Mu mupira wa miguu, ekipe inayoshinda 1-0 inaweza kupiga mupira inje, kulala chini, kupoteza wakati mpaka filimbi ya mwisho. Mu tenisi hakuna filimbi ya kukuokoa. Hata ukiwa mbele sana, sharti uipate ile alama ya mwisho kwa mkono wako. Na yule aliye nyuma, njia yake haijafungwa mpaka alama ya mwisho. Mwaka 1968, katika finali ya mashindano makubwa ya Marekani, Ashe alimshinda Tom Okker wa Uholanzi. Seti ya kwanza peke yake ilikwisha 14-12! Seti zote tano zilikuwa 14-12, 5-7, 6-3, 3-6, 6-3.

Tena kuko jambo lingine. Siku za Ashe, mwalimu wa mchezaji hakuruhusiwa kumwambia neno katikati ya mashindano ya mtu mmoja mmoja. Hakuna kapiteni, hakuna mwenzako wa kumpa mupira ukichoka. Njo maana tenisi inaonyesha moyo wa mtu wazi wazi. Adui wako wa kwanza yuko ngambo ya wavu. Wa pili yuko ndani ya kichwa chako.

2. MTOTO WA ZAMU

Ashe alizaliwa tarehe 10 Julai 1943 mu Richmond, mji wa Virginia. Siku zile sheria za kule zilitenga watu weusi na wazungu: masomo yao mbali, viti vyao ndani ya bisi mbali, viwanja vyao mbali. Baba yake alikuwa zamu na mtengenezaji wa bustani kubwa ya michezo ya watu weusi, inayoitwa Brook Field. Nyumba yao ilikuwa ndani ya bustani ile, karibu kabisa na viwanja vya tenisi. Kwa hiyo mtoto huyu masikini alijikuta na mchezo wa watajiri mbele ya mlango wao.

Mama yake alikufa mwaka 1950, naye alikuwa na miaka sita tu. Baba alimlea kwa ukali: masomo yakitoka, kurudia nyumbani mara moja, hapana kuzunguka njiani. Kijana mmoja mwanafunzi, Ron Charity, akamfundisha kushika raketi. Halafu akapelekwa kwa munganga mmoja mweusi wa Lynchburg, Dr Robert Walter Johnson, aliyefundisha vijana weusi tenisi wakati wa vakansi. Huyu njo alisaidia pia Althea Gibson, mtu mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon, mwaka 1957.

Munganga huyu alikuwa na sheria ya ajabu. Mupira wa mwenzako ukianguka inje kidogo tu, karibu na mstari, uuhesabie kama uko ndani na uendelee kucheza. Usibishane na mwamuzi. Usitupe raketi. Kwa nini? Kwa sababu vijana wake walikuwa wakienda kucheza mahali ambapo wazungu wengi walitafuta paka sababu moja ndogo ya kuwafukuza. Sheria haikuwa ya haki, lakini ilimpa Ashe ngao: uso wake haukuonyesha kitu. Watu walimsifu kwa utulivu, lakini wachache waliuliza umetoka wapi.

3. FINALI YA MWAKA 1975

Tarehe 5 Julai 1975, mu Wimbledon kule Uingereza, Ashe alikutana na Jimmy Connors katika finali. Connors alikuwa na miaka 22, mshindi wa mwaka wa mbele, mwenye nguvu kuliko wote. Ashe alibakiza siku tano tu afikishe miaka 32. Tena hawakuwa marafiki: Connors alikuwa amempeleka Ashe mbele ya hukumu juu ya maneno aliyoandika. Karibu kila mtu alisema Ashe atapigwa vibaya.

Ashe alikuwa na desturi ya kupiga mupira kwa nguvu nyingi. Lakini yeye na rafiki zake wakakaa, wakawaza, wakaona kwamba Connors anakula nguvu ya mwenzake: ukimpiga sana, anakurudishia ile ile nguvu yako, tena zaidi. Basi shauri likawa kumnyima chakula hicho. Ashe akampa mipira ya polepole, ya chini, isiyokuwa na uzito. Akianzisha, anautupa mupira pembeni sana. Connors akikaribia wavu, Ashe anaupitisha juu ya kichwa chake. Wakati wa kubadilisha upande, Ashe alikaa ku kiti na kufunga macho, sawa mtu anayelala.

Seti mbili za kwanza: 6-1, 6-1. Watu hawakuamini. Katika seti ya tatu Connors akaamka, akashinda 7-5. Hapa njo pigo la moyo. Watu wengi wangesema: "Ile shauri imekufa, nirudilie mchezo wangu wa zamani." Ashe hakurudia. Akaendelea na shauri lake, akashinda ya ine 6-4. Alikuwa mwanaume mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon.

Sisi wanafunzi tunaweza kuelewa jambo hili. Kuko anayejua kufanya kitu kimoja vizuri, basi anakifanya kila fasi, hata pale hakifai. Kumbe kuacha silaha yako unayoipenda, kwa kuwa leo haifai, kunaomba moyo kuliko kuitumia.

4. HASIRA

Tusidhani kwamba Ashe alikuwa jiwe. Mwaka ule ule wa 1975, mu Stockholm kule Uswidi, alicheza na Ilie Nastase wa Romania, aliyejulikana kwa michezo ya kuudhi. Ashe alikuwa mbele. Nastase akaanza kuchelewesha, kuongea na watu, kumchokoza kila alipotaka kuanzisha mupira. Mwishowe Ashe akakusanya raketi zake, akatoka inje ya kiwanja. Kwa sheria, anayetoka ameshindwa. Lakini kiisha kulizungumza, wakubwa wa mashindano walimpa Ashe ushindi, na Nastase alimletea maua.

Tuone tofauti: hakumtukana mtu, hakupiga mtu. Alitoka, akijua anaweza kupoteza kila kitu. Kujizuia si kuvumilia yote bila mwisho.

5. INJE YA KIWANJA

Mchezaji wa kazi anaishi ndani ya ndege na mu hoteli. Kila juma mji mwingine. Ni rahisi asijue kitu kingine kuliko mupira. Ashe alikataa maisha ya namna hiyo. Mbele ya kuwa mchezaji wa kulipwa alimaliza universite mu Los Angeles mwaka 1966, akatumika miaka miwili mu jeshi. Aliposhinda mwaka 1968 hakupokea ile zawadi ya dola 14 000, kwani hakuwa bado mchezaji wa kulipwa. Ilimwendea Okker aliyeshindwa. Yeye alipewa dola 20 kwa siku, za chakula na malazi.

Serikali ya Afrika ya Kusini ilimnyima viza mwaka 1969 na 1970, sababu ya rangi yake. Mwaka 1973 ikamruhusu. Weusi wenzake wengi walimwambia: "Usiende! Utawapa sifa wale wanaotutesa." Yeye alitaka kuona kwa macho yake. Aliomba kwamba weusi na wazungu wakae pamoja kumwangalia. Alipoteza finali mbele ya Connors, lakini pamoja na Okker walishinda mchezo wa watu wawili wawili. Je, alifanya vizuri kwenda? Kule kule Afrika ya Kusini watu weusi hawakusikilizana juu yake. Baadaye yeye mwenyewe alisimama upande wa waliotaka nchi ile itengwe katika michezo, na mwaka 1985 alikamatwa na polisi mu Washington, mbele ya ubalozi wa Afrika ya Kusini, pamoja na waliopinga ubaguzi.

Mwaka 1971, alipopita mu Kameruni, aliona kijana wa miaka 11 mu Yaoundé anayecheza vizuri sana. Akapeleka habari zake Ufaransa, na kijana akaenda kufundishwa kule. Jina lake ni Yannick Noah. Mwaka 1983 alishinda mashindano makubwa ya Ufaransa.

Na neno moja la Ashe linatugusa sana sisi. Mwaka 1977 aliandika barua mu gazeti kwa wazazi weusi wa Marekani: wapeleke watoto mu nyumba za vitabu, kwa maana nafasi ya kijana kufika kuwa mchezaji wa kulipwa ni chini ya moja kati ya elfu. Aliyeandika hivyo alikuwa yeye mwenyewe shampioni. Hakukataza mchezo, alikataza kuwekea maisha yote juu ya mchezo.

6. UGONJWA

Mwaka 1979 moyo wake uliuma ghafula, akapasuliwa, na mwaka 1980 akaacha kucheza. Mwaka 1983 akapasuliwa tena, akaongezewa damu. Siku zile mu Marekani damu haikuwa ikipimwa sida. Kipimo kilianza mwaka 1985. Mwaka 1988 mkono wake wa kuume ulikataa kufanya kazi, na waganga wakaona kwamba yuko na virusi. Alinyamaza, juu ya bibi yake Jeanne na mtoto wao mdogo Camera. Mwaka 1992 gazeti moja lilipata habari, likataka kumwuliza. Basi tarehe 8 Aprili akasema yeye mwenyewe mbele ya watu. Alipofika kwa jina la mtoto wake, sauti ilikatika, na bibi yake akamsomea maneno yaliyobaki.

Watu walimwuliza kama haulizi "Kwa nini mimi?" Jibu lake lilikuwa hili: kama ataomba sababu ya mabaya yake, sharti aombe sababu ya mazuri yake pia, na siku alipobeba kikombe cha Wimbledon hakuuliza kwa nini yeye. Tena alisema mzigo wa ugonjwa ule haukuwa mzito kama ule wa kuwa mtu mweusi mu Marekani. Maneno haya ni machungu, lakini alikuwa amebeba yote miwili.

Miezi iliyobaki hakuikalia kitandani. Alianzisha shirika la kupigana na sida, na Septemba 1992 alikamatwa tena na polisi, safari hii kwa kutetea wakimbizi wa Haiti. Alikufa tarehe 6 Februari 1993, na miaka 49. Alizikwa Richmond, kando ya mama yake. Uwanja mkubwa kuliko yote ya tenisi duniani, uliofunguliwa New York mwaka 1997, unaitwa kwa jina lake.

Leo sida iko na dawa zinazomsaidia mgonjwa kuishi miaka mingi, lakini maneno ya watu hayajapata dawa. Kati yetu kuko wanaobeba siri ya nyumbani kwao, sawa vile Ashe alivyobeba yake miaka ine. Tusiwe sisi wale wanaomlazimisha mtu kusema.

Kwa mazungumzo ya jioni mu enternati, tunawaachia swali: Ashe alipaswa kwenda Afrika ya Kusini mwaka 1973, ao hapana? Kila mmoja alete sababu zake, bila kubishana na mwamuzi.