Mwana Mkubwa Bado Yuko Nje

Mama mmoja anayewasomesha watoto wake watatu nyumbani aliniletea daftari la insha la binti yake wa miaka 11. Zilikuwemo insha kumi na nne. Kulikuwa na safari ya kwenda kwa bibi, siku ya mvua kubwa, mbwa aliyevunjika mguu. Mwandiko ulikuwa safi na nukta zilikaa mahali pake. Lakini insha zote kumi na nne zilimalizikia pale pale, kwamba tumtegemee Mungu katika kila jambo. Kama mbwa alipona, sikuambiwa.

Mtoto yule anaweza kuandika. Tatizo ni kwamba amezoea kuona hadithi kama njia ya mkato ya kufikia mahubiri, na mazoea hayo nimeyakuta katika nyumba nyingi za Kikristo zinazofundisha watoto zenyewe. Wazazi hawana nia mbaya. Wanataka imani iingie katika kila somo, na vitabu vingi vya masomo wanavyoagiza kutoka Marekani huwapa watoto sentensi za kujaza mapengo, kisha swali la mwisho: umejifunza nini? Kiswahili nacho husukumwa pembeni, kwa kuwa vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza. Dawa ninayoipendekeza iko ndani ya Biblia yenyewe, katika Luka sura ya 15, ambayo kwa maoni yangu inatosha somo la lugha la muhula mzima.

Anzeni kwa mdomo. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1842 na kufariki 1923, ndiye anayefuatwa na familia nyingi za Kikristo zinazosomesha nyumbani leo. Kitabu chake cha kwanza kuhusu elimu ya nyumbani kilitoka mwaka 1886. Alitaka mtoto asomewe kitabu kizuri mara moja tu, kisha asimulie alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Kusomewa mara moja kuna maana yake: mtoto akijua kwamba hakuna kurudia, hutega masikio. Kazi hii huanza mtoto akiwa na miaka sita hivi, na kuandika masimulizi hungoja mpaka akaribie miaka kumi. Kwa Mason, mtoto aliyezoea kusimulia hahitaji kufundishwa insha akiwa mdogo, kwani anayo tayari kinywani.

Msomaji aliyelelewa na bibi mwenye paukwa na pakawa hataona jambo geni hapo. Sisi tumekua tukisikiliza na kusimulia. Tulichokosa, nadhani, ni kuyaheshimu masimulizi ya mtoto kiasi cha kuyaandika. Edward Steere aliyafanyia heshima hiyo masimulizi ya watu wa Unguja. Alifika huko mwaka 1864, kabla hajawa askofu, akakusanya hadithi kama zilivyosimuliwa na wenyeji, na mwaka 1870 zikachapishwa London katika kitabu kiitwacho Swahili Tales. Mzazi anaweza kuwa mwandishi wa mtoto wake kwa namna hiyo hiyo.

Msomee mtoto habari ya kondoo aliyepotea. Funga kitabu. Mwache asimulie, wewe ukiandika neno kwa neno, hata akisema mchungaji alivaa gambuti. Usimkatize wala usimsahihishe. Akisahau jambo, liache, atalikumbuka siku nyingine au mdogo wake atamkumbusha kwa furaha kubwa. Lile swali la umejifunza nini liache pia. Kesho yake mpe karatasi yenye maneno yake mwenyewe ayanakili kwa mwandiko mzuri. Keshokutwa msomee sehemu yake fupi kama imla. Mtoto anayenakili sentensi aliyoitunga mwenyewe huiangalia kwa jicho jingine kabisa, na mara nyingi ataona mwenyewe kwamba ameandika "kisha" mara saba.

Baada ya hapo ingieni kwenye ngeli, maana ndipo watoto wa mijini wanapoumia. Aliyekua kati ya Kiingereza na Sheng husema kisu yangu, jembe yangu, ufunguo yangu, kila kitu kikiwa katika ngeli moja. Kumkaririsha jedwali la ngeli hakujamsaidia mtu yeyote ninayemfahamu. Luka 15 inasaidia, kwa kuwa ni sura ya vitu vinavyopotea, na katika Kiswahili kila kitu hupotea kwa namna yake. Kondoo aliyepotea alitafutwa, akaonekana. Shilingi iliyopotea ilitafutwa, ikaonekana. Sasa mtoto achague kitu chake. Kisu kilichopotea kilitafutwa, kikaonekana. Jembe lililopotea lilitafutwa, likaonekana. Ufunguo uliopotea ulitafutwa, ukaonekana, na zikiwa funguo, zilizopotea zilitafutwa, zikaonekana.

Atunge hadithi ya ukurasa mmoja: nani alipotewa, aliwasha taa gani, alifagia wapi, aliwaita majirani gani kushangilia. Upatanisho wa ngeli utamfuata kutoka sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, na hataweza kuukwepa kwa sababu kitu chenyewe ndicho hadithi. Wiki inayofuata abadilishe kitu, hadithi ibaki ile ile. Nimeona mtoto akihamisha hadithi nzima kutoka jembe hadi majembe, akicheka kila alipogundua kiambishi alichokisahau.

Kwa watoto wakubwa, wa miaka 12 kwenda juu, waulize juu ya hesabu ya sura hiyo. Kondoo ni mia na mmoja amepotea. Shilingi ni kumi na moja imepotea. Wana ni wawili na mmoja amepotea. Idadi inashuka, na kila inaposhuka hasara inamkaribia msikilizaji. Hayo ni mambo ya ufundi, na kijana anayeandika hadithi ana haki ya kuuona ufundi huo, ajue kwamba Biblia aliyoizoea ibadani ina waandishi waliopanga kazi yao. Ajaribu mwenyewe kuandika hadithi ya vipande vitatu vinavyopungua namna hiyo.

Ushairi nao usiachwe. Mashairi ya Kiebrania yaliyomo katika Biblia hayategemei vina. Robert Lowth, katika mihadhara yake ya Oxford iliyochapishwa mwaka 1753, alionyesha kwamba yanasimama juu ya usambamba: mstari wa pili hurudia wazo la kwanza kwa maneno mengine, au hulipinga, au huliendeleza. Zaburi ya 119 ina mpango wa ziada. Sehemu zake ni 22 kwa hesabu ya herufi za Kiebrania, kila sehemu ina mistari minane inayoanza kwa herufi moja, na jumla ni 176. Mtoto wa miaka minane anaweza kuiga jambo hilo kwa herufi za jina lake, mistari miwili miwili, wa pili ukirudia wazo la wa kwanza. Ni zoezi jepesi na hupendwa.

Lakini mtoto anayesoma Kiswahili asiishie kwenye usambamba wakati lugha yake ina mizani. Mathias Mnyampala, Mkristo kutoka Dodoma aliyeishi kati ya mwaka 1917 na 1969, aliandika Utenzi wa Zaburi na Utenzi wa Enjili Takatifu, akayaleta Maandiko katika umbo lililozaliwa pwani na kulelewa na washairi Waislamu kwa karne nyingi. Sijui mfano bora zaidi wa kumpa kijana wa Kikristo anayedhani kwamba ushairi wa Kiswahili si wake. Utenzi una kanuni chache: kila ubeti una vipande vinne, mizani minane kila kipande, vitatu vya kwanza vyenye kina kimoja, na cha nne chenye kina kinachorudi katika beti zote. Ubeti huu nimeutunga kwa ajili ya kufundishia:

Jioni walipofika
Mia hawakutimika
Mmoja alitoweka
Mbugani akasalia

Mtoto ahesabu kwa kupiga makofi, akikumbuka kwamba ile "m" ya kwanza katika "mmoja" ni mizani kamili. Kisha aendeleze ubeti wa pili, wa tatu, hadi kondoo arudi, kila ubeti ukiishia kwa "-lia". Akikwama, atalazimika kutafuta neno jingine, na hapo ndipo msamiati unapokua. Alitafuta, alisaka, aliulizia, aliangaza macho: maneno haya hayaingii kichwani kwa orodha ya Ijumaa, huingia mizani inapoyadai.

Mnyampala ndiye pia aliyeijengea jina ngonjera, yale mashairi ya kujibizana, na hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote kwa nyumba yenye watoto wa umri tofauti. Mmoja huwa baba, mwingine huwa mwana mkubwa. Mnajua hali ilivyo mwishoni mwa Luka 15: ndama amechinjwa, ngoma zinasikika, mwana mkubwa amekasirika na hataki kuingia, baba ametoka nje kumsihi. Baba anasema neno lake, na sura inaisha. Hatuambiwi kama mwana aliingia. Yesu, mwalimu mkuu kwetu Wakristo, aliiacha hadithi wazi, akawaacha waliomsikiliza wamesimama pale mlangoni pamoja na yule mwana.

Yule mama wa daftari nilimpa kazi hiyo. Binti alichagua kuwa mwana mkubwa, kaka yake wa miaka 14 akawa baba. Nilimwomba mama jambo moja tu, asiguse ubeti wa mwisho. Binti aliandika beti sita za malalamiko, juu ya mbuzi ambaye hakupewa, miaka aliyofanya kazi, viatu vyake vyenye matope ya shambani. Ubeti wa saba alimwelekea baba yake, akamwuliza kama ndani kumebaki nyama.